Theluji ya Adhuhuri

Aprili 27

Paa limemwaga theluji yake leo asubuhi, yote kwa mpigo, na Mama aliyekuwa akisinzia kando ya jiko akashtuka, akauliza nani kaangusha kabati. Hiyo ndiyo dalili ya msimu. Kila mwaka naanza kuandika siku paa linapojimwaga, na naacha mgeni wa mwisho akishashuka.

Mdogo wangu amepanda kutoka bondeni na mitungi miwili ya gesi mgongoni, mmoja juu ya mwingine. Wapita njia humwita Mabega na jina limemganda. Amekula, amenawa, ndipo akasema, huku akitazama sufuria badala ya kunitazama mimi, kwamba amepata kazi kwenye kituo cha wasafiri kama hiki chetu, ng'ambo, upande wa pili wa mlima. Mwenye kituo wa kule ameacha, na mpishi wao amemwombea nafasi yeye. Mpishi huyo ndiye mchumba wake. Anatakiwa awe amefika kabla Mei haijaisha, la sivyo watamchukua mtu mwingine.

"Unakwenda kufunga ndoa au kufunga mizigo?" nikamuuliza.

"Vyote, dada."

Mama akacheka, nami nikacheka. Halafu nikatoka nje kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Aprili 28

Upepo. Hakuna mtu.

Mei 2

Daraja la barabara ya chini limechukuliwa na maji, wenye nyumbu wamesema litakaa hivyo hadi kiangazi. Kwa hiyo anayetaka kwenda ng'ambo ana njia moja tu, nayo inapita juu ya vichwa vyetu, katikati ya vilele viwili. Sisi tunapaita mlangoni. Na mlango huo, msimu wote, neno lake ninalo mimi.

Kazi hii nilirithi kwa Baba. Alfajiri napanda hadi kwenye kona ya njia, chini ya mlango, na fimbo ndefu, naichoma theluji. Ikigonga na kukataa kuingia, nafunga kitambaa cheupe kwenye mlingoti, watu wanavuka. Ikizama, nafunga chekundu, watu wanakaa. Giza likiingia nakifungua. Hakuna anayebishana na kitambaa, awe tajiri, awe askari. Baba alituonya mimi na Mabega jambo moja hadi masikio yakachoka: pima alfajiri, baridi ya usiku ikiwa bado ndani ya theluji. Jua likishaipiga, adhuhuri, hata theluji njema kabisa inakuwa uji, na fimbo haitakuambia kitu cha maana.

Mei 4

Mgeni wa kwanza. Mwalimu mstaafu anayetembea njia ndefu yote peke yake, miguu imemkonda kama ya korongo. Kabla hajakaa alishatuambia umbali aliotembea leo, jana na juzi. Mama amemwita Kilomita, na amelipokea jina kwa furaha. Analala hapa mpaka mlango ufunguke. Anakula kama watu wawili.

Mabega amefungasha. Mfuko wake unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na kila ninapochota maji unanigonga begani.

Mei 6

Nitaandika kama ilivyokuwa, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Alfajiri nilipanda kwenye kona. Anga safi, baridi ya kukata pua. Nikachoma fimbo, ikalia kama imegonga sakafu. Nikachoma pengine, vilevile. Mlango ulikuwa wazi kuliko nilivyowahi kuuona mwezi wa tano. Vitambaa vyote viwili vilikuwa mfukoni.

Nikasimama pale. Nikamfikiria Mama na kikohozi chake, na kisima, na mitungi, na majira ya baridi yale marefu ambapo tunakaa sisi kwa sisi tukisikiliza paa. Nikafikiri: huyu nilimlea mimi, Mama alipokuwa hajiwezi, nilimbeba mgongoni kwenye njia hii hii. Sasa anakwenda kumchotea maji mtu mwingine. Nikashuka bila kufunga kitambaa chochote.

Nikamwambia Mabega bado ni mapema kusema, ateremke bondeni akalete gesi nyingine. Akaenda, hakuuliza. Adhuhuri, jua likiwa utosini, nikapanda tena na Kilomita nyuma yangu. Fimbo ilizama hadi mkononi. "Lo!" akasema Kilomita. Nikafunga chekundu mbele ya shahidi.

Sikusema uongo. Fimbo ilizama kweli.

Mei 7

Anga safi. Baridi kali alfajiri. Chekundu.

Mei 8

Chekundu. Mabega akipanda jioni, kabla hajatua mzigo, hugeuza shingo kutazama mlingoti. Halafu hunitazama mimi na kutabasamu. "Hakuna neno, dada. Kesho." Afadhali angenitukana.

Mei 9

Anga safi. Chekundu.

Mei 12

Theluji mpya tangu jana, nyingi, ya haki. Leo nimepanda alfajiri kama mtu mwenye heshima zake, nikapima, fimbo ikazama, nikafunga chekundu cha kweli. Nimepika viazi nikiimba. Mama akaniuliza kama nimeokota kitu.

Mei 13

Bado inaanguka. Nimelala vizuri.

Mei 15

Imekwisha kuanguka na usiku baridi imeigandisha. Nimekaa kitandani hadi jua limetoka, nikijiambia mgongo unaniuma. Mgongo hauniumi.

Kilomita amenisifu mezani, mbele ya wote. Amesema katika safari yake yote hajaona mwenye kituo anayejali roho za watu kama mimi, wengine hufungua mlango ili wageni wapungue na chakula kiliwe kidogo. "Mabega, una bahati ya dada," akasema. Mabega akajibu, "Najua, mzee." Nikapaliwa na supu. Nikasingizia pilipili, na supu haikuwa na pilipili.

Mei 17

Mama hana meno mengi lakini macho anayo. Nilipokuwa namsugua kifua kwa mafuta akanishika mkono.

"Mwache mwenzio aende."

"Nani kamzuia, Mama? Si mlima?"

"Mimi sijui mambo ya huko juu. Nasema tu, kikohozi changu usikifanye sababu."

Nikamwambia alale. Nina hasira naye hata sasa, na najua kwa nini.

Mei 18

Chekundu.

Mei 19

Chekundu. Mabega hakusema "kesho".

Mei 21

Kilomita ameniuliza swali. Amesema watu aliokutana nao huko chini walimwambia mlango huu huvukwa alfajiri, sasa mbona sisi tunapima adhuhuri?

"Mzee, ulikuwa ukifundisha nini?"

"Hesabu."

"Basi kahesabu viazi vilivyobaki gunia lile, unisaidie."

Watu wakacheka, maana wamekuja wawili wapya, na yeye mwenyewe akacheka, akaenda kweli kuhesabu. Mzee wa watu. Mabega alikuwa bondeni, hakusikia. Nilishukuru kwamba hakusikia, na palepale nikajiona mdogo kuliko viazi.

Mei 22

Basi. Imetosha. Mei inakwisha, na nafasi yake haitangoja. Kesho nitapanda alfajiri na nitafunga rangi yoyote fimbo itakayosema. Nikishafunga cheupe nitampikia, nitamfungia chakula cha njiani, na kulia nitalia akishapita kona. Nimeamua na moyo umetulia kidogo, kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Mei 23

Upepo umegeuka. Usiku kulikuwa na mawingu, joto joto, na alfajiri ukungu umeshuka hadi mlangoni mwa nyumba. Nimepima kwa uaminifu wote. Theluji mpya juu, chini hakuna kilichoganda, fimbo ilizama kama kwenye pamba. Nimefunga chekundu, na kwa mara ya kwanza nilitaka sana kiwe cheupe.

Niliporudi, msumari ulikuwa mtupu. Mama amesema Mabega ameondoka kabla yangu, kwa kijia cha nyuma, ili tusikutane.

"Kasema nini?"

"Kasema amechoka kungoja, usimkasirikie."

Naandika hili nikisubiri Kilomita afunge viatu. Tunapanda.

Mei 26

Mikono ndiyo kwanza imekubali kushika kalamu.

Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona mwisho wa fimbo yangu mwenyewe. Nilimpigia kelele nikitaja jina lake la utotoni, ambalo hataki kulisikia mbele ya watu. Tulifuata nyayo zake hadi chini ya mlango kabisa. Pale nyayo zilikwisha, na upande wa kushoto theluji ilikuwa imemeguka kipande kikubwa na kuteremka korongoni. Nilitaka kushuka nayo. Kilomita alinishika mshipi kwa nyuma, akasema, "Nikiwapoteza wawili nitamwambia nini yule mama?" Alikuwa analia huku akinivuta. Giza likatukuta, tukarudi. Sijui nilirudije.

Mama alikuwa amekaa kitako akitazama mlango. Alijua kwa kunitazama tu.

Asubuhi ukungu ulipasuka. Kilomita ana filimbi, ile ya kuwaitia watoto darasani, anaivaa shingoni hata akilala. Tukasimama ukingoni mwa korongo akapuliza, tukangoja, akapuliza. Huko chini kikasikika kitu kama mtu anagonga jiwe kwa jiwe. Alikuwa ni yeye. Alikuwa amejikokota hadi chini ya mwamba, kiatu kimoja kimekwenda na theluji, mguu ameuzungushia shati.

Nilimfikia wa kwanza. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nilimkumbatia, nikamvuta mguu ule nikauingiza chini ya nguo zangu, tumboni. Ulikuwa kama kipande cha chuma.

"Dada," akasema. "Nisamehe. Ulinikataza, nikajifanya mjuzi. Siku zote hizo ulikuwa unaniokoa."

Nilifungua kinywa kumwambia. Kilomita alikuwa anafika na kamba, wale wageni wawili nyuma yake, na kila mtu alikuwa anapiga kelele za furaha. Nikafunga kinywa. Nikajiambia si wakati wake.

Wamemshusha bondeni kwa daktari, wakibadilishana. Kilomita amekwenda naye na kuahidi kutorudi mpaka amwone yuko kitandani.

Mei 31

Mwezi umekwisha.

Juni 4

Kilomita amepita leo, amevuka mlango kwa kitambaa cheupe nilichofunga alfajiri. Vidole vyote vya mguu wa kulia wa Mabega vimekatwa, na viwili vya kushoto. Alinieleza taratibu kama anayemwelekeza mtoto hesabu ngumu. Halafu akanishika mabega na kuniambia nisijilaumu, nilifanya kila kitu sawasawa. Sikuweza kumtazama. Amepungua nyumbani mtu mmoja na pamekuwa kimya kama watu kumi wameondoka.

Juni 9

Wageni saba. Cheupe. Sasa nafunga cheupe kila siku njema, alfajiri na mapema, hakuna mwenye kituo mwaminifu kuliko mimi.

Juni 20

Amerudi. Amepandishwa juu ya nyumbu, na magongo mawili mapajani. Mama amemshika uso akamwangalia muda mrefu, kisha akauliza kama kule chini walimpa chakula cha kutosha.

Amekaa karibu na jiko, kwenye kigoda changu. Anamenya viazi, anakoroga uji, anaosha vikombe. Anamsimulia kila mgeni kisa chake, na kila mara kinaishia pale pale: "Dada alinikataza." Wageni hunitazama kwa macho ya heshima. Mmoja ameniomba nipige naye picha.

Hatakwenda ng'ambo. Hatakwenda popote. Nimepata nilichotaka.

Juni 27

Mvua. Nimemkemea kwa sababu ya kikombe kilichovunjika, halafu nikagundua nilikivunja mimi.

Julai 9

Mpishi amekuja.

Nilikuwa naanika mashuka nikaona mwanamke mfupi akiteremka kutoka mlangoni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai haki yake. Sikuwahi kumwona ila kwenye picha. Amenisalimu, "Shikamoo wifi," akapita moja kwa moja hadi jikoni. Mabega alikuwa na kiazi mkononi. Walitazamana. Akakichukua kile kiazi, akakiweka mezani, akamkumbatia kichwa. Mimi na Mama tukatoka nje, Mama akijikongoja na kusema anataka jua, na jua halikuwapo.

Baadaye nilisikia anamwambia nafasi bado ipo. Amewagomea wakubwa wa kituo wasiajiri mtu, amefanya kazi ya watu wawili tangu Mei. "Kukaa kituoni hakuhitaji vidole," akasema. "Nimekuja kukuchukua."

"Siwezi," akasema Mabega. "Mimi na mlima hatuelewani. Dada alijua, mimi sikujua kitu. Kule nitawapeleka watu kifoni. Wacha nikae hapa, chini ya mtu anayejua."

Alibembeleza sana. Lakini Mabega ni mkaidi wa ukoo wetu.

Julai 10

Mpishi alinikuta kisimani. Akachukua ndoo ya pili bila kuombwa, tukawa tunateka.

"Wifi, nikuulize. Tarehe saba Mei nilipanda hadi juu alfajiri, kumpokea. Theluji ilikuwa ngumu, nilivuka na viatu vya jikoni hivi. Nikachungulia huku kwenu, mlingoti hauna kitu. Nikangoja, nikangoja. Jua lilipokuwa juu nikamwona mtu anafunga chekundu."

Kamba ya kisima ilinichoma kiganja.

"Tarehe tisa nikaja tena. Vilevile. Nikasema, basi, huyu mtu hanitaki, ndiye anayemwomba dada yake afunge. Nikarudi nikilia, nikawapikia watu uji nikilia. Mpaka niliposikia ya mguu." Akaweka ndoo chini. "Alikuwa hanitaki?"

"Alikuwa anakutaka."

Alinitazama hivyo hivyo, uso mtulivu kabisa. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige.

"Mimi simwambii," akasema mwishowe. "Nikimwambia mimi, atasema nakuchukia. Kesho kutwa narudi ng'ambo, naye au bila yeye."

Akabeba ndoo zote mbili.

Julai 11

Nimemwambia.

Nilikaa naye kwenye benchi la nje, asubuhi, gunia la viazi kati yetu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalipotea.

"Tarehe sita Mei mlango ulikuwa wazi," nikasema.

"Mei ipi?"

"Mei hii. Na tarehe saba. Na nane, na tisa. Na baada ya ile theluji kubwa, karibu kila siku. Nilikuwa nikikutuma bondeni, halafu napima adhuhuri."

Hakuhitaji kuelezwa maana ya adhuhuri, Baba alitufundisha pamoja. Kisu chake kiliendelea kumenya. Ganda likaisha, akaendelea kumenya kiazi chenyewe, kikawa kidogo, kikawa kama gololi.

"Kwa nini?"

"Sikutaka uende. Nilikuwa naogopa kubaki."

Akaitupa ile gololi ndani ya ndoo. Kuku walikuwa wakiparua karibu na miguu yake iliyofungwa, akawaacha.

"Na siku ile niliyokwenda?"

"Ile ilikuwa kweli. Nilipima alfajiri. Wallahi ilikuwa kweli."

Aligeuka kunitazama, na hakuwa na hasira, ndiyo maana sitausahau uso ule. Alikuwa kama mtu anayeuliza kitu anachohitaji sana kukijua.

"Sasa ningejuaje, dada?"

Alichukua magongo yake akaenda ndani, na nikamsikia akimwambia mchumba wake atafute nyumbu.

Nilidhani nikishasema nitapumua. Sipumui.

Julai 12

Wameondoka leo.

Mama amembariki akiwa amelala, kifua hakimruhusu kuinuka. Alimwambia ale vizuri. Mabega amembusu mikono yote miwili, akakaa kidogo, akainuka.

Niliamka kabla ya wote nikapanda kwenye kona. Theluji imebaki kipande tu, pale juu penye kivuli, lakini kipande hicho kina mteremko, na nyumbu akiteleza huishia korongoni. Nilipima mahali pengi kuliko inavyohitajika. Ilikuwa imara. Nikafunga cheupe, nikavuta fundo mara mbili, nikashuka.

Alikuwa ameshapandishwa juu ya nyumbu, magongo yamefungwa pembeni pamoja na ule mfuko wake. Mimi nilishika hatamu. Hakusema "dada". Aliniuliza kwa adabu, kama wanavyouliza wageni wasionijua:

"Mwenye kituo, njia iko wazi?"

"Iko wazi," nikasema.

Akautazama mlingoti, cheupe kinapepea waziwazi mbele ya macho yake. Kisha akamgeukia mchumba wake.

"Hebu nenda wewe ukaangalie."

Nilimpa fimbo. Alipanda peke yake hadi kwenye kona, akapita kona, akapotea. Tukangoja, mimi na mdogo wangu, nyumbu akipiga kwato. Akarudi akihema, theluji magotini.

"Iko wazi," akamwambia.

Ndipo wakaondoka.